Neno Alilokatizwa Caren Chepkosgei

Tunayemzika leo ni Caren Chepkosgei, aliyezaliwa Kimulot tarehe 14 Machi 1988, kifungua mimba wa Mzee Alexander na Mama Elmina, baada ya uchungu wa siku mbili uliomnyima hewa, ubongo wake ukaumia, miguu ikakaza, na maneno yakawa yanatoka polepole maisha yake yote.

Mwaka 1997 alianza shule ya msingi karibu na Boito, akibebwa mgongoni na mama yake, akaachia darasa la tano baada ya wavulana kumsukuma mtaroni, naye akamng'ata mmoja wao hadi akashonwa. Kuanzia 2004 alilinda vikapu vya majani chai kwenye kituo cha kununulia, na mbuzi wote wa pale walilijua gongo lake la kutembelea. Hakuolewa, kwa sababu aliyemwahidi ndoa alimwita mzigo, akaondoka bila jino moja, lakini Mungu alimjalia binti, Molly, tarehe 2 Agosti 2009.

Jioni ya 11 Oktoba 2019, akitoka kituoni, alikutana na vijana waliokuwa kwenye msako wa wanywaji wa chang'aa, pombe haramu, wakamwona anavyoyumba na kumsikia anavyosalimia polepole, mmoja akasema, "Huyu amemaliza pipa, hata ulimi haunyanyuki," naye akaanza kuwajibu, lakini kabla hajamaliza rungu lilishuka, likamvunja nyonga, wakaendelea kumpiga akiwa chini, damu ikimtoka masikioni. Kanisani habari ilifika kwamba alianguka kwa ulevi, akaondolewa kwenye Meza ya Bwana, yeye ambaye hata maji yalimpalia, mpaka yakorogwe yawe mazito kama uji.

Nyonga haikuunga, miguu ikajikunja, mgongo ukapinda ukabana mapafu, kifafa kikawa kinamrusha kitandani na kumkatisha ulimi kwa meno yake mwenyewe, na mwaka 2024 Molly akaacha kidato cha kwanza ili awe akimketisha mama yake na kumlisha. Februari 2025 aliomba abebwe hadi kanisani, akapewa kipaza sauti, akaanza, neno likachelewa, watu wakamwonea huruma wakaanzisha wimbo, akakirusha ukutani kikavunjika.

Chakula kiliingia mapafuni, akaugua nimonia, akafariki hospitalini Kericho tarehe 6 Juni 2025, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa blanketi hadi barabarani matope yakiwa magotini, na wenzake wa kituoni.

Neno lile lililokatizwa kwa rungu, kisha kwa wimbo, nyumbani alikuwa akilimaliza kila siku, nasi tunalisoma lote mbele yenu kama alivyolisema: "Mimi sijalewa."

Caren, tumelifikisha, pumzika kwa amani.