Kisanduku cha Tatu kwa Wino wa Mashuka

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge wetu; mganga mkuu; katibu wa hospitali; wauguzi; wagonjwa mliotolewa nje na viti vyenu ili uwanja uonekane umejaa; nanyi ndugu na jamaa mliokuja kutazama wagonjwa mkakuta sherehe. Sisi wafanyakazi wa chumba cha kufulia tunawasalimu.

Tuko watu thelathini na tisa. Leo tumesimama hapa thelathini na nane, na sababu yake mtaisikia.

Mgeni rasmi, kabla hatujaendelea, tunakutaarifu kwamba risala iliyo ndani ya jalada mezani pako, yenye muhuri wa ofisi, siyo hii tunayoisoma. Ile aliiandika katibu wa hospitali. Hii tumeiandika wenyewe. Tunajua kwamba sasa hivi katibu anamtafuta kwa macho fundi wa vipaza sauti ili amkonyeze azime. Fundi huyo ni shemeji yetu, mume wa mwenzetu anayekunja foronya, na ameshaambiwa kwamba akizima leo atafute pa kulala. Kwa hiyo tutulie, tusikilizane.

Karibu sana. Hii ni mara ya tatu unafika hapa. Mara ya kwanza ulikuja ukiwa wa chama cha Ngazi, ukatuambia Kengele ni wezi. Mara ya pili ulikuja ukiwa wa Kengele, ukatuambia Ngazi ni wezi. Tulikuamini mara zote mbili.

HISTORIA YA CHUMBA CHETU

Chumba cha kufulia kiko nyuma ya jiko, mlango wa bluu, mahali ambapo wageni hawapitishwi. Kina masinki manane, mashine ya kukamua moja inayoruka kama mbuzi ikiwashwa, meza nne za kupigia pasi, na boila.

Boila ndilo utakalolikatia utepe baada ya risala hii, kwa hiyo ni vizuri ulijue. Lililetwa na Ngazi, miaka kumi na miwili iliyopita, wiki mbili kabla ya kura. Lilikuja bila mabomba. Kengele waliposhika nafasi wakaleta mabomba, nayo pia wiki mbili kabla ya kura. Mabomba yalikuwa membamba, hayaingii kwenye boila. Fundi wa Kengele akasema boila ndilo lenye kosa. Fundi wa Ngazi akasema kosa ni la mabomba. Wakabishana mbele yetu mpaka jasho likawatoka, kisha wakaondoka kwa gari moja.

Tangu hapo boila limepakwa rangi mara tatu. Halijawahi kuchemsha hata kikombe cha maji. Mashuka ya wodi ya wazazi tunayachemsha uani, kwenye mapipa, kwa kuni.

MAFANIKIO

Pamoja na hayo, hatujakaa tukakunja mikono. Tunafua mashuka mia nne kwa siku. Hakuna mama aliyejifungua hapa akalazwa kwenye shuka chafu. Fulana za kampeni, zenye sura yako katika rangi zote mbili, tumezikusanya na tunazitumia kufutia sakafu. Kwa taarifa yako, hakuna inayonyonya maji vizuri.

Tunataka pia ujue kwamba kazi yetu ni kuchagua. Watu hudhani dobi anafua tu. Kila nguo inayoingia mlango wa bluu tunainyanyua dirishani, tunaitazama kwenye mwanga, kisha tunaiweka kwenye kapu lake. Kuna kapu la zilizotakata, la kurudiwa, na la kuchomwa moto. Shuka lililochanika hatumpi mgonjwa eti kwa sababu lililobaki limechanika zaidi. Tukifanya hivyo, muuguzi wa zamu atatutupia usoni, na atakuwa na haki.

Sasa utuambie, mgeni rasmi. Mtu anayechagua hivyo saa nane kwa siku, akiingia kwenye chumba cha kura akaletewa mashuka mawili yaliyochanika na kuambiwa "chagua, wewe ni mtu huru", afanye nini?

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa siyo boila. Ni hilo la kuchagua. Ili tusionekane tunatia chumvi, tutakueleza habari za mwenzetu mmoja.

Tunamwita Bi Pasi. Ana miaka ishirini na mitatu nyuma ya meza ya pasi, na mkono wake wa kulia una alama za kuungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Ndiye aliyemfuata mganga mkuu wa zamani mpaka kwenye gari lake kudai glavu, na glavu zikaja. Ndiye anayejua ni wodi gani ina wagonjwa wawili kitanda kimoja, kwa sababu anahesabu mashuka. Mwaka huu tulimwambia, dada, hebu gombea wewe. Alicheka siku mbili. Siku ya tatu akaazima viatu, akaenda kuchukua fomu.

Karani alimuuliza, "Chama?"

"Sina."

"Mama, nimeuliza chama. Ngazi au Kengele?"

"Nimekusikia, mwanangu. Nimesema sina."

"Basi huwezi kugombea. Lazima utoke kwenye chama ambacho tayari kina viti bungeni."

"Nani kasema?"

"Sheria."

"Na sheria kaitunga nani?"

Karani akakuna kichwa. "Ngazi na Kengele, mama."

Mgeni rasmi, ninyi mlioko bungeni hamjawahi kukubaliana hata saa ya kuanza kikao. Mmoja akisema kumekucha, mwingine anasema bado. Lakini sheria hiyo mliipitisha pamoja mchana mmoja, kabla ya chai, na ninyi wote mkapiga makofi. Tuliwasikia redioni tukiwa tunakamua mashuka.

Bi Pasi alirudi kazini, akavua viatu vya watu, akavaa kandambili zake. Tulipomuuliza vipi, alisema, "Wamenipima, sikutosha." Akapiga pasi mashuka ya wodi ya watoto bila kuinua uso mpaka zamu ikaisha. 

Ndipo ikafika siku ya kura. Uchaguzi uliopita kalamu za kituoni zilikuwa zimekauka, mtu unaparura karatasi kama kuku. Safari hii mwenzetu anayetia alama mashuka akaja na kalamu yake ya kazini, ile ya wino wa zambarau usiotoka hata kwa maji yanayochemka. Hatukukaa kikao. Hatukula kiapo. Wa kwanza kuingia alikuwa mkunja foronya, akatoka anacheka peke yake.

"Umefanya nini?" aliyemfuata akamuuliza.

"Nimeona visanduku viwili, nikachora cha tatu."

"Ukaandika nini?"

"Unamjua nimemwandika nani. Shika kalamu, usitucheleweshe."

Kalamu ikapita mkono kwa mkono. Watu thelathini na mmoja kati yetu walichora kisanduku cha tatu, wakaandika pembeni yake "Bi Pasi" kwa herufi kubwa, wakatia alama. Saba walichagua kati ya vile viwili. Hatujawauliza kwa nini, na hatutawauliza. Hii risala wameisaini pia.

Hapo tulikosea, na ni kosa ambalo dobi pekee angelifanya. Wino ule tunauona kila siku mpaka hatuuoni tena. Haikutujia hata kidogo kwamba kuna mtu mwingine anaujua. Msimamizi wa kituo alikuwa katibu wetu wa hospitali, ambaye ufunguo wa kabati la wino anautundika kiunoni. Wakati wa kuhesabu, aliinyanyua karatasi ya kwanza ya zambarau, akaisogeza puani, akasema, "Harufu hii ninaijua."

Katika kituo kile uliongoza kwa kura kumi na tisa. Kura zetu thelathini na moja ziliandikwa "zimeharibika". Mawakala wa Ngazi wakasema tumewaibia ushindi. Mawakala wako wa Kengele wakasema tumekutukana. Ilikuwa mara ya pili mwaka huu kwa vyama vyenu kukubaliana, na mara zote mbili mlikubaliana dhidi ya mpiga pasi.

Kura zetu hazikuharibika. Sisi tunaijua nguo iliyoharibika. Zilikuwa safi, zinasomeka, na kila moja ilisema tunamtaka nani. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma.

Siku mbili baadaye Bi Pasi alipewa barua ya kusimamishwa kazi, kwa kuchochea wafanyakazi na kutumia vibaya wino wa hospitali. Mgeni rasmi, sikiliza hapa. Bi Pasi hakuigusa kalamu ile. Karatasi yake aliitumbukiza tupu. Alituambia mwenyewe, akiona haya: "Wale wawili siwataki, na kujiandika mwenyewe niliona aibu." Kati ya watu thelathini na tisa, mliyemwadhibu kwa kisanduku cha tatu ni yule ambaye hakukichora.

Sasa ni wiki ya nane. Wiki iliyopita katibu alituita akatupa sharti. Tukisoma mbele yako leo maneno ya kuomba radhi aliyoyaandika, Bi Pasi atarudi kazini Jumatatu. Tusiposoma, Jumatatu hiyo hiyo ataachishwa kabisa, na amebakiza miaka miwili astaafu.

Hatutakudanganya, tuliyumba. Mwenzetu mmoja alisema, "Radhi ni neno tu, tulitamke, dada arudi, tuendelee na kazi." Wengi tulitikisa kichwa kukubali. Tukaenda nyumbani kwake na ile karatasi ya katibu.

Tulimkuta anapiga pasi nguo za jirani, pasi ya mkaa, dirisha wazi. Akatukaribisha, akatupa viti viwili na ndoo za kukalia. Tulipomweleza, alisema haraka, bila hata kuweka pasi chini, "Ombeni, jamani. Ombeni tu. Mnadhani mimi ninakula heshima? Nataka meza yangu."

Tukamsomea. Tulipofika pale pasemapo "tulipotoshwa na mmoja wetu mwenye tamaa ya madaraka", aliiweka pasi pembeni.

"Rudieni hapo."

Tukarudia.

"Huyo mwenye tamaa ni nani?"

 Mkunja foronya akaanza kulia.

"Wewe, usinililie kwenye nguo za watu, nimeshazinyoosha," Bi Pasi akamwambia. Kisha akatugeukia wote. "Kama niliwapotosha, basi ninyi hamna akili, ni watoto wa kushikwa mkono. Na mimi sitaki kurudi kufanya kazi na watu wasio na akili. Mlichora kwa mikono yenu au kwa mikono yangu?"

"Kwa mikono yetu, dada."

"Basi msiikane mikono yenu mbele ya mtu. Mimi nitapiga pasi popote penye nguo iliyokunjamana. Haya, ondokeni, mkaa unaisha."

Tuliondoka. Njiani yule aliyesema radhi ni neno tu alitusimamisha. Alisema, "Nimefuta kauli."

MAOMBI

Tunaomba mambo machache, na hatuyaombi kwa kupiga magoti.

Bi Pasi arudishwe kazini. Kama kuna wa kufukuzwa kwa ajili ya kisanduku cha tatu, majina ya waliokichora yamebanwa nyuma ya risala hii, yote thelathini na moja, pamoja na sahihi. Kura ni siri, na siri hiyo ni ya mpiga kura. Tumeamua kuitoa wenyewe ili asilipe mtu mwingine. Jumatatu akizuiwa mlangoni, na sisi tutabaki nje pamoja naye, na mlango wa bluu utafunguliwa na katibu, kwa kuwa funguo anazo. Mashuka ya chumba cha upasuaji na ya wodi ya wazazi tutayafua kule uani, kwenye mapipa, kwa sababu wagonjwa hawajatukosea. Ya ofisini, mapazia ya mganga mkuu na vitambaa vya meza iliyo mbele yako, yatangoja.

Pili, urudi bungeni ukaifute sheria ile. Usituambie ni ngumu. Tulisikia jinsi ilivyopita. Mtu yeyote anayeaminiwa na wenzake asimame, awe mpiga pasi au muuza mkaa, nasi tumchague au tumkatae. Mnaogopa nini? Kama ninyi wawili ni wazuri kama mabango yenu yanavyosema, mpiga pasi mmoja atawafanya nini?

Na utepe wa boila usiukate. Utepe wenyewe ni kipande cha shuka letu, tumeutambua. Njoo kwanza uani utazame mapipa, uinamie moshi kidogo, kisha utuletee mabomba yanayoingia. Nani atayaleta, Ngazi au Kengele, sisi hatujali. Maji hayajui chama.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukaa kitini mpaka hapa. Mungu awape nafuu wagonjwa wote waliopo uwanjani na waliobaki vitandani. Awafungulie njia akina mama walio uchungu muda huu. Wewe na msafara wako akufikisheni salama, na akupeni ujasiri wa kushindana na watu wengi zaidi ya mmoja.

Imesomwa kwa niaba ya wafuaji, wakamuaji, watia alama, wapiga pasi na wakunjaji wa chumba cha kufulia, watu thelathini na tisa, kwa sababu Bi Pasi bado tunamhesabu.

Katibu wa hospitali alitutaka tumalizie kwa kuomba radhi kwako, kwa chama chako, kwa chama cha mpinzani wako na kwa ofisi yake. Tumelijadili, tumepiga kura wenyewe, kwa kunyoosha mikono.

Hatuombi radhi.