Mwalimu Tak Gye-sun, Aliyewafundisha Wageni Kupumua Kikorea (1945–2023)

Marehemu Mwalimu Tak Gye-sun alizaliwa tarehe 2 Februari 1945 kijijini Soyang, nje kidogo ya mji wa Jeonju. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Tak Pan-seok, mtengeneza karatasi, na mkewe, marehemu Yeom Bok-dan. Alikulia katikati ya karatasi za magome ya mforosadi zilizoanikwa zikiwa bado laini kama utando wa maziwa. Baba yake hakutaka mtoto azikaribie. "Gye-sun, funga mdomo," alikuwa akimwambia. "Karatasi inakusikia." Marehemu alisema kwamba hapo ndipo alipojua pumzi ya mtu ina uzito.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Soyang kuanzia mwaka 1952, vita vikiwa havijaisha, darasa likiwa chini ya turubai. Akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Jeonju hadi mwaka 1964. Chuo kikuu alikitamani, lakini zamu ilikuwa ya kaka yake. Hakulalamika. Kiingereza alijifunza kwa redio, na kwa kuwasikiliza wamisionari wakigombana na wauza samaki sokoni.

Mwaka 1967 aliajiriwa na kituo kidogo cha lugha karibu na soko la kusini, kuwafundisha Kikorea wageni wenye Kiingereza. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2007. Waliopita mikononi mwake wanajua kazi ilivyokuwa. Kikorea kina k tatu: ya kawaida, yenye pumzi, na iliyobanwa kooni. Sikio la Mwingereza huzisikia zote kuwa moja. Marehemu alikata kipande cha karatasi ya baba yake, akakining'iniza mbele ya mdomo wa mwanafunzi. Yenye pumzi huirusha karatasi, ya kawaida huitikisa kidogo, iliyobanwa huiacha imetulia.

Muuguzi mmoja, Bi Winifred, alihangaika na karatasi hiyo wiki nzima. Mwishowe akaja juu: "Mwalimu, nyie mna k tatu, sisi Mungu katupa moja. Tumepunjwa!"

"Hamjapunjwa, mnazo," marehemu akamjibu. "Mnazitumia ovyo tu, kama mtu mwenye viatu vingi anayevaa vyovyote vilivyo mlangoni."

"Lakini hapa natema mate tu!"

"Tema, Bi Winifred. Mradi karatasi itulie, mate tutayafuta."

Kwa wiki ya kwanza aliandika maneno kwa herufi za Kiingereza ubaoni. Wiki ya pili alizifuta. Waliolia aliwaambia herufi hizo ni fimbo ya mgonjwa: mguu ukipona, mtu huiacha mlangoni. Aliwaonyesha kwamba herufi za Kikorea zimechorwa kwa kuutazama mdomo, kwamba ya n ni ulimi uliogusa ufizi, na ya m ni mdomo wenyewe. Mwaka 2000 serikali ilipobadilisha namna ya kuandika Kikorea kwa herufi za kigeni, na jina la mji kwenye vibao vya barabarani likaandikwa kwa herufi nyingine, majirani walimtania, wakimwita kwa jina la mwanawe: "Mama Gi-tae, mbona mji wetu umehama?" Akajibu, "Kimehama kibao. Supu ya machipukizi ya maharage iko pale pale, nendeni mkanywe."

Tarehe 18 Oktoba 1969 alifunga ndoa na Bwana Maeng Chi-ho, mfanyakazi wa posta, mtu mpole aliyependa kuimba vibaya. Walijaliwa mtoto mmoja, Gi-tae, mwaka 1971. Bwana Chi-ho alitutoka mwaka 2001. Miaka miwili baadaye Gi-tae alihamia Nyuzilandi na mkewe na binti yao, Ha-rin, aliyekuwa na miaka minne, na maneno ya nyumbani yakiwa bado yamejaa mdomoni mwake.

Jambo linalofuata Gi-tae mwenyewe ametuomba tuliseme. Huko ugenini Ha-rin alichekwa shuleni, akawa haongei. Baba yake akaamua nyumba nzima iseme Kiingereza. "Mama, tafadhali usimchanganye," alimwambia marehemu kwa simu. "Akishakuwa mkubwa atajifunza." Marehemu aliahidi, na ahadi yake ilikuwa ahadi. Kila Jumapili alizungumza na mjukuu wake kwa Kiingereza kizuri kabisa, kisha akakata simu na kubaki ameketi. Siku moja alimwambia mdogo wake, Jong-gu, kwamba ni kama kumkumbatia mtoto aliyevaa koti la mvua. Mamia ya watoto wa watu wengine walikuwa wamemwita Mwalimu kwa Kikorea safi. Alichokitamani ni mmoja wa damu yake amwite Bibi kwa lugha hiyo hiyo.

Mwaka 2018 Ha-rin alipiga simu mwenyewe, bila kumwambia baba yake. "Bibi, nifundishe Kikorea. Nimeshakuwa mkubwa." Marehemu alicheka na kulia kwa pamoja. Wakaanza, kila mmoja na kipande chake cha karatasi mbele ya simu.

Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa tayari umemwingia. Ulimchukua mikono kwanza, kisha sauti. Mwanzoni mwa mwaka 2023 karatasi haikutikisika tena kwa neno lolote alilotamka. Akabaki kusikiliza tu. Alipoona siku zimekaribia, aliandika kwa tabu kwamba hataki kufia hospitalini. Tukamrudisha Soyang, kwenye nyumba ya baba yake. Gi-tae na Ha-rin walifika tarehe 7 Novemba. Alikuwa hafumbui tena macho. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi.

Desturi ya wazee wetu ni kwamba mtu akikata roho, wa nyumbani hupanda juu ya paa na nguo yake, akageukia kaskazini na kumwita mara tatu, pengine roho itageuka nyuma. Siku hizi watu hufia mjini na wengi wameiacha. Mzee Jong-gu alisema dada yake ataitwa. Gi-tae akapanda ngazi na koti la mama yake mkononi. Alifungua kinywa, sauti ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Ha-rin akapanda, akamwondolea baba yake koti mikononi, akaita kwa Kikorea:

"Bibi! Rudi! Bibi! Rudi! Bibi! Rudi nyumbani!"

Kulikuwa na lafudhi ya mbali katika maneno yale, na hakuna aliyeijali. Kule nyumba ya chini, jirani yetu Mzee Pi, ambaye masikio yake ni mazito na hakuwa amepata habari, alifungua mlango na kupaza sauti: "Mama Gi-tae! We Mama Gi-tae! Husikii? Mjukuu wako anakuita!"

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Maeng Gi-tae, na mkewe, mjukuu mmoja, Ha-rin, mdogo wake, Tak Jong-gu, wapwa watatu, na wanafunzi katika nchi ambazo hakuwahi kuziona.

Alale salama, Mwalimu wetu, katika udongo wa Soyang.