Besi ya Mugenzi

Kaeni karibu, wanangu, Shami na wewe Ganza, kaeni hapa mkekani nisilazimike kupaza sauti, maana pumzi ninayo kidogo na maneno ni mengi. Nyumba hii ya Biryogo ni yenu wawili, msije mkaigawa kwa ukuta. Gitaa langu jekundu ni la Shami, na wewe Ganza usinune, unajua mwenyewe kwamba dada yako ndiye mwenye mkono, wewe una mdomo tu. Sasa sikilizeni jambo lililonikaa kooni miaka mitatu.

Miaka kumi na saba nimepiga jazi na fanki kwenye hoteli ile ya Kiyovu, wakubwa wanakula samaki na kutugeuzia mgongo, na siku zote Mugenzi alikuwa kushoto kwangu na besi yake. Nilipopata nafasi ya kurekodi kaseti yangu mwenyewe, yenye jina langu peke yangu, hakuweka kinyongo. Alikuja akanipigia wimbo wa kwanza, akaenda zake anacheka.

Mashine yetu ya kurekodia ilikuwa na njia nne tu za sauti. Zikijaa, ukitaka kuongeza chombo lazima ufute kimoja. Mimi nilitaka gitaa la pili, nikafuta besi. Ndivyo tulivyozoea kufanya, mwenye besi anakaa Sonatubes, atakuja Jumatatu apige upya, ubaya uko wapi? Jumatatu hiyo haikumleta. Ilikuwa Oktoba ile ya mwaka wa tisini, watu walikusanywa na askari, ati ni washirika wa waasi, wakajazwa uwanjani Nyamirambo, na Mugenzi akiwemo. Nilimpelekea chakula. Nilipowaona askari getini nikarudi nacho nyumbani. Hakutoka tena.

Ile besi nikaipiga mimi, kwa kumwiga, hata kule kuchelewa kwake kidogo. Nyimbo nyingine saba pia nikajipigia. Kisha Athanasie, mkewe, akaja kwa basi kutoka Kabuga, akaomba asikie mkono wa mumewe kwa sababu hana kilichobaki. Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Nikabonyeza kitufe. Akaweka sikio kwenye spika, akalia, akasema, "Ni yeye, shemeji. Hii iko mukono yake kabisa." Tangu hapo huja kila Alhamisi kusikiliza, nami humwekea chai na kumwashia kaseti, kama mwizi.

Sasa kaseti inatoka mwezi ujao, na wanataka jina la mpiga besi kwenye jalada. Nikisema Mugenzi, nimedanganya. Nikisema ni mimi, namnyang'anya Athanasie mume wake mara ya pili, na safari hii hakuna askari wa kumlaumu. Vidole vyangu vimevimba, siwezi hata kushika kalamu, na bado naogopa.

Kwa hiyo nawaachia ninyi. Nikishazikwa, mwambieni. Mwambieni kwa upole, mkiwa mmekaa naye chini, msimwambie mlangoni. Mwambieni nilimpenda Mugenzi na nilimfuta... Nipe maji, Shami. Inatosha.

Mungu awalinde, wanangu. Awape ujasiri alioninyima... hapana, alinipa, mimi ndiye sikuutumia. Pendaneni. Msiniimbie kitu...

Nani huyo anabisha? Ni Athanasie, leo Alhamisi. Ganza, mfungulie, mpe kiti. Shami... mama... washa kaseti.