Sabufa Iliyoishiwa Besi

Ndani ya basi, mama mkwe alikaa nyuma ya mume wa binti yake, kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo akasikiliza kila neno.

Mkwewe alikuwa amepata jirani wa kiti, fundi redio aliyepakata mkoba wa bisibisi. "Sabufa yangu imeishiwa besi," akamlalamikia. "Zamani vikombe vilikuwa vinacheza kabatini. Sasa inanguruma kama mtu aliyejifunika blanketi."

Mama mkwe akageukia dirishani.

"Nyaya hujazigeuza?" fundi akauliza. "Nimezikagua mara tatu." "Isogeze kwenye kona, basi." "Kaka, haijawahi kutoka kwenye kona." "Basi spika imekufa." "Haijafa. Ingekufa ningejua." Wakabishana hivyo vituo viwili vizima, utadhani wanagombea mirathi.

Fundi akakuna kidevu. "Lile tundu la nyuma, la kupitishia hewa, umeshatia mkono ndani?" "Kuna nini humo?" "Mimi nimeshatoa soksi. Nimeshatoa na panya." "Kwangu hakuna panya." "Wewe tia mkono." "Haya, nikifika tu."

Mama mkwe akalikumbuka sweta la kijivu ambalo mkwewe amelitafuta mwezi mzima. Alilisokomeza humo kwa mikono yake, ili mjukuu apate usingizi wa mchana.

Basi likasimama. Magoti ya mama mkwe, ambayo humuuma kila akiona ngazi, leo hayakusema kitu. Mkwewe alipomaliza kumshukuru fundi, yeye alikuwa ameshavuka barabara, ufunguo wa nyumba mkononi.