Kaseti Bubu ya Jeep ya Patron

Sake, pale ambapo barabara ya Goma, ya Masisi na ya Minova zinakutana, kuna kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani. Gari lenyewe liliondoka kipande kwa kipande, kila fundi akajichukulia chake, kikabaki kiti. Wakakiinua, wakakiweka juu ya mawe meusi ya volkano, mbele ya meza ya Mama Wivine anayeuza kahawa na mandazi. Wenyewe wanakiita Sénat. Wenye kiti ni Papa Eugène, mwalimu mstaafu, jina la kijiweni Diksionere, mwenye methali kwa kila tukio ingawa methali na tukio hawajawahi kusalimiana. Yupo Tumukunde wa pikipiki, wanayemwita Sans-Frein, na ukipanda naye mara moja utajua kwa nini. Yupo Valentin, mfanyabiashara mwenyeji wa Butembo, mwenye jeep inayopanda mpaka Kashuga. Huyo ni Patron, na hajawahi kulikataa jina. Na yupo Déo, fundi wa telefone na radio, anayeitwa Ingénieur, jina alilojipa mwenyewe mpaka watu wakachoka kumkatalia.

Asubuhi hiyo Déo aliketi katikati, mahali pa heshima. Jeep ilikuwa mbele yao, milango wazi, na muziki wa harusi ulikuwa ukitoka humo mpaka mandazi yakatikisika mezani. Radio ya jeep ilikuwa ya zamani, ya kaseti tu, na vijana wa siku hizi wakikodi gari la harusi wanataka nyimbo zilizomo katika telefone zao. Basi Déo alikuwa ameifungua, akaunga waya kwa soudure, risasi ya kuyeyusha, akatoboa tundu kando ya kiberiti cha gari, na juu ya tundu akaandika kwa rangi nyeupe: AUX.

— Kazi safi, alisema Patron. Sasa hakuna ndoa itanipita.

— Aux nani? aliuliza Papa Eugène.

— Aux nani namna gani?

— Kifaransa, Patron. Aux malades, kwa wagonjwa. Aux enfants, kwa watoto. Hii yako ni aux nani? Muntu hawezi andika "kwa" halafu aende zake.

— Ni kwa ule mwenye iko na telefone, alisema Sans-Frein.

— Basi aandike. Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeuliza kibaba kimeingiaje. Sans-Frein aliinuka na kikombe chake, akachungulia ndani ya jeep.

— Ingénieur, na hii kaseti inazunguka ya nini, kama musiki inatoka mu telefone?

Déo alikuwa akilingoja swali hilo tangu alfajiri. Alikohoa kidogo kama watu wa semina.

— Hizi radio za zamani ziko na kichwa nguvu. Kama haione kaseti inazunguka, haifungue njia ya sauti. Njo maana unaiwekea kaseti, lakini kaseti bubu, umeifuta, haina neno hata moja. Yenyewe inadhani inaimba, kumbe anayeimba ni telefone.

— Unaidanganya, alisema Sans-Frein kwa heshima.

— Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Papa Eugène. Hii debe iko tupu na haivume. Ingénieur ameshinda methali.

— Na yale maneno yalikuwa mu kaseti mbele ya kufuta, yanaendaka wapi? aliuliza Mama Wivine.

Hapo Sénat ilifungua kikao. Papa Eugène alisema maneno hayafi, yanarudi kwenye koo la mwenyewe, ndiyo maana wazee wanaongea peke yao. Sans-Frein alisema hapana, yanazama ziwani, na ile gesi iliyo chini ya maji ni maneno ya watu yaliyofutwa tangu enzi za Wabelgiji. Patron alisema yakienda popote atayalipisha nauli. Déo alicheka nao, akaomba andazi la pili.

— Na ndoa ya kwanza nimeshapata, alisema Patron. Siku ya posho, hii Jumamosi, Kashuga. Ule binti Murekatete. Anashuka hii asubuhi tupatane juu ya gari.

— Murekatete gani? aliuliza Mama Wivine.

— Ule wa kaseti. Sijawaelezaka? Baba yake alikwenda Walikale kuchimba, mama akabaki na mimba. Wakati ule barua ilikuwa kaseti. Unasema mu radio, inakamata sauti, unamupatia shofere kaseti. Baba akatuma moja. Anakohoa kwanza. Kisha: "Bonjour wa nyumbani, miye niko muzima." Anasalimia kila muntu kwa jina. Mwisho anasema: ule mwenye iko mu tumbo, akiwa mwanamuke, mumuite Murekatete. Ni kusema: muache adeke. Kisha hakurudi tena.

— Mungu wangu, alisema Mama Wivine.

— Haina baba, haina baba mudogo. Mama naye alikufa. Siku ya ndoa, pale baba anasimama kumutoa mutoto wake, hakuna muntu. Njo anasema: tutaweka kaseti mu jeep, mulango wazi, Papa aseme mwenyewe. Alinipatia niilinde, sababu hema yao mu kambi ya wakimbizi inavuja. Kila nikifika Kashuga, anaingia mu gari, anasikiliza, anatoka. Iko mu sanduku ya mbele. Haina jina, ina alama tu ya rangi nyekundu ya kucha.

Déo alikishusha kikombe chake magotini.

Aliikumbuka ile alama. Alikuwa ameiona, akadhani ni uchafu. Aliikumbuka kaseti yote: aliikuta katika sanduku la mbele alipokuwa akitafuta bisibisi yake, akaenda nayo mezani kwake. Vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimevunjwa, na hakuna fundi wa radio asiyejua maana yake: mwenyewe amesema msirekodi juu ya hii. Déo alikunja karatasi, akayaziba yale matundu. Akasikiliza kidogo kwanza, ajue ni nini. Mtu alikohoa. Déo akasema, maneno ya watu tu, akachomeka jeki tupu, isiyo na waya, kwenye tundu la mikro la radio yake ili isiingie hata sauti ya kuku, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Alifuta pande zote mbili, kwa kuwa radio ya jeep hujigeuza yenyewe. Na wakati inafutika alikuwa akila ndizi na maharagwe, kwa hamu.

Patron alikuwa ameshafika kwenye jeep. Alifungua sanduku la mbele, akatoa karatasi, akatoa kamba, akatoa kiatu kimoja cha mtoto wa abiria.

— Ingénieur, ulipokuwa unatengeneza, hukuona kaseti humu?

Déo aliangalia tu pale kwenye radio, kaseti ilipokuwa ikizunguka. Patron naye akaangalia, akainama, akaiona ile nukta nyekundu kupitia kidirisha. Akaizima telefone. Muziki ukakatika, barabara yote ikasikika.

Aibu ilimpanda Déo kuanzia miguuni, masikio yakawaka moto. Alingoja watukane. Angeshukuru kama wangemtukana.

— Si kosa yako peke yako, alisema Patron polepole. Sikukuambia kama iko mali ya muntu.

— Tuseme ni volkano, alisema Sans-Frein. Ikipumua, sumaku inapanda mu hewa, inafuta kaseti yote ya Sake mupaka Minova.

— Sumaku haipande, alisema Papa Eugène. Tuseme sauti inazeekaka. Ikifika miaka fulani, inapata pension kama miye.

— Wewe ulishapata pension?

— Njo maana nasema kama miye. Nayo inangojea.

— Ao tuseme baba mwenyewe alipita usiku kuchukua sauti yake. Huko aliko wanamuitaji aseme.

— Usicheze na wafu, wee Sans-Frein.

— Nacheza? Natafuta njia.

Patron alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mlango wa jeep, kichwa mikononi. Mara akakiinua.

— Papa Eugène. Weye uko na sauti ya zamani. Ukohoe, useme yale maneno, Ingénieur akamate mu kaseti. Mimi nayajua, nimeyasikia mara mingi.

— Miye?

— Jaribu tu.

Papa Eugène alikiweka kikombe chini. Alinyoosha koti lake, akakohoa kikohozi cha darasani, akaanza:

— Bonjour wa nyumbani. Miye niko…

Akanyamaza mwenyewe. Alikiokota kikombe chake kana kwamba kilikuwa mbali sana.

— Muache, wazee, alisema Déo. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo asiseme kama watu wa semina. Muache tu.

Hapo aliipata aibu ya pili, na ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Watu wazima watatu walikuwa wakitafuta uongo kwa ajili yake, na hata mmoja hakuwa amemgombeza.

— Mu hizo hesabu zenu, alisema Mama Wivine, ukweli haimo?

— Maji ikisha kumwangika… alianza Papa Eugène, na kwa mara ya kwanza tangu Sénat ianzishwe, methali ilikuwa imefika nyumbani kwake. Hakuimalizia.

Pikipiki ilisimama. Binti alishuka akiwa na matope mpaka magotini, kitenge kipya kimefungwa juu ya kile cha zamani kisichafuke, na kifurushi cha majani ya ndizi kifuani. Aliwasalimia mmoja mmoja, Papa, Papa, kaka, kaka, Mama, akipinda goti kidogo kila mara.

— Papa Valentin, wanasema gari sasa iko na musiki ya telefone.

— Iko, mwanangu.

— Fundi ni nani?

Hakuna aliyemnyooshea kidole, lakini macho yote yalikwenda upande mmoja. Murekatete akamwendea Déo, akampa kifurushi kwa mikono miwili. Kilikuwa jibini la Masisi, duara zima.

— Nilileta ya Papa Valentin, juu ya kulinda kaseti. Lakini yeye ni wa nyumbani, atangoja. Weye njo umenitengenezea ndoa.

Déo alilipokea. Alitaka kusema hapo hapo. Akasema asante, na neno hilo lilimchoma kuliko yote aliyowahi kusema.

Mama Wivine alimmiminia mgeni kahawa, lakini Murekatete alikuwa ameshaingia katika jeep. Aliinama mbele ya radio, akaiona nukta nyekundu, akacheka peke yake.

— Mumeshaniwekea. Muko watu muzuri.

Aliijua radio ile kuliko Patron. Aliuchomoa waya wa telefone kwenye tundu la AUX, akairudisha kaseti nyuma mpaka mwanzo, ikalia ndani mpaka ikagota. Akabonyeza. Akakaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika mapema kanisani.

Ilitoka sauti ya kaseti tupu, ule mvumo mdogo.

— Mwanzoni anakohoaka, aliwaeleza kupitia mlangoni. Mungojee. Akikohoa, njo anaanza.

Wakangoja. Papa Eugène alikuwa na chembe ya mandazi kooni, inamkereketa, na alijua akikohoa sasa atakuwa amefanya jambo baya kuliko yote. Akaimeza, akaimeza tena, mpaka machozi yakamtoka. Sans-Frein aliangalia gurudumu la pikipiki yake kwa makini, gurudumu lisilo na kosa lolote. Patron alikuwa ameugeuzia mgongo uso wa binti.

Murekatete aliongeza sauti. Mvumo ukakua. Akaongeza mpaka mwisho, akasogeza sikio.

— Juu ya nini leo hakohoe?

Aliwauliza wote, bila hasira, kama mtu anayeuliza iwapo gari la Minova limeshapita. Mama Wivine aliitikisa thermos ili mikono iwe na kazi, na ilikuwa tupu.

Déo aliinuka. Hatua za kutoka kwenye kiti mpaka kwenye jeep si nyingi, amezipita kila siku ya Mungu, lakini alizipita akiwa amebeba jibini lile mikononi, hajui aliweke wapi. Alikuwa amelipata neno la kuanzia. Lilikuwa "ni miye," nayo yaliyofuata hakuyajua bado.

Murekatete alimwona akija, uso ukamfunguka.

— Ah, Ingénieur. Kuya uiangalie.

Akasogea upande wa pili, akapangusa kiti kwa ncha ya kitenge chake kipya, ili fundi apate pa kuketi.