Marehemu Kiguu, Aliyesoma Kando ya Cherehani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika kumsindikiza: wasifu huu umeandikwa na dada wa marehemu, mshonaji, na ndiye anayeusoma. Kwenye kikao cha familia kuna waliopendekeza uandikwe na rafiki yake wa chuo, mfamasia, kwa kuwa eti ndiye aliyemjua zaidi. Dada alisimama akauliza, "Kwani na mimi nimekufa?" Kikao kikafungwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1987, mtoto wa pili na wa mwisho. Dada yake alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyembeba mgongoni mama alipokuwa kazini. Mtoto alianza kutembea mapema, na tangu siku hiyo hakukaa tena. Alikuwa kiguu na njia, ndipo nyumbani akaitwa Kiguu. Siku moja alitumwa chumvi dukani, akarudi jioni na paka wa jirani, kiatu kimoja, na habari za mtaa mzima. Mama akamwuliza, "Na chumvi?" Akajibu, "Chumvi gani, mama?" Wala hakuwa anatania.

Alianza shule ya msingi mwaka 1994. Walimu walisema akili anazo, ila hatulii. Viboko havikumtuliza, wala zawadi. Kilichomtuliza ni cherehani ya miguu ya dada yake. Dada akishona, Kiguu aliingia chini ya meza ya kukatia nguo, akafungua kitabu, akasoma mpaka mwisho. Cherehani ikinyamaza, na yeye huyo, keshatoka. Basi dada akawa anashona hata siku ambazo hakuna nguo ya mteja. Alipitisha vipande vya vitambaa visivyo na kazi, mbele na nyuma, ili mtoto amalize hesabu zake. Matokeo ya sekondari yalipotoka, mtaa mzima ulimpongeza Kiguu. Cherehani hakuna aliyeipongeza.

Septemba 2007 alijiunga na chuo cha uuguzi, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Muhula wa kwanza alianguka masomo manne. Mtihani mmoja hakuufanya kabisa: alikuwa njiani kwenda ukumbini, akakuta bomba la bweni limepasuka, akabaki kumsaidia fundi. Bomba likazibwa, mtihani ukapita. Chuo kikamwonya kwamba akianguka tena afungashe virago. Dada aliposikia hivyo alitafuta chumba karibu na chuo, akaifunga cherehani kwa kamba, tayari kwa safari. Ndipo simu ikaja.

"Usihangaike, da'. Nimepata mtu wa kukaa naye."

Mtu mwenyewe ndiye huyo mfamasia, wakati huo mwanafunzi wa famasia chuoni hapo, aliyelala kitanda cha pili chumbani mwake. Ndiye aliyempeleka kwa daktari. Daktari alimchunguza kwa vikao kadhaa, kisha akaitaja hali yake kwa herufi nne za kigeni, na kumweleza kuwa akili hakupungukiwa, ila kuielekeza mahali pamoja na kuituliza hapo ndiyo kazi, na kwamba alizaliwa hivyo. Marehemu alilia. "Kumbe mimi si mvivu," alisema. Alimwambia hivyo rafiki yake, akamwambia mpishi wa bweni, halafu ndipo akamwambia dada yake, aliyemwogesha tangu kitovu hakijakauka.

Kuanzia hapo alijifunza kuishi na hali yake. Alikunywa dawa asubuhi. Aliligawa somo vipande vidogo, akasoma huku akitembea kwenye korido, na mitihani akaifanyia chumba cha peke yake, akiongezewa muda. Na kila alipofungua kitabu, rafiki alikaa kando yake. Kozi ya miaka mitatu aliimaliza kwa mitano, Novemba 2012. Dada alimshonea gauni la mahafali, la samawati, lenye marinda. Wakati wa chakula marehemu alisimama akamshika mkono rafiki yake, akasema, "Bila huyu nisingefika." Watu walipiga makofi. Dada naye alipiga, lakini roho ilimwuma. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Siku hiyo aliyechumia juani alikuwa mmoja, na aliyekaa kivulini mwingine.

Januari 2013 marehemu aliajiriwa idara ya dharura ya hospitali ya mji. Wenzake mliopo hapa ni mashahidi: wagonjwa wanne wakiletwa kwa mpigo, wengine wakihaha, yeye ndipo alipotulia. Makaratasi yalimshinda hadi mwisho, na kila mmoja wenu amewahi kubembelezwa amjazie. Tarehe 6 Juni 2015 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu mpole, ambaye mpaka leo huning'iniza funguo zote za nyumba shingoni mwake. Walijaliwa watoto wawili. Nani alikuwa msimamizi wa bibi harusi, hakuna haja ya kusema.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mfamasia alichukua likizo akaja kuuguza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyu hakupona, alizidi kuumwa na kijicho, maana mgeni alijua mto uwekwe vipi. Siku za mwisho usingizi ulimkataa mgonjwa kabisa. Alimwita rafiki yake akae miguuni pa kitanda, na mlango ukafungwa. Dada alikaa sebuleni mikono mitupu, akilia kwa uchungu na kwa wivu, asijue kipi ni kipi. Marehemu aliaga dunia Jumamosi tarehe 3 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa usingizini.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo, na orodha ya aliowaacha. Yanayofuata dada ameyaongeza kwa mkono, kwa sababu ya jambo la jana.

Jana mfamasia alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha chuma, kisigino chake kikigonga mguu wa kiti. Tiki-tiki-tiki-tiki, kikapunguza, kikasimama, kikaendelea. Dada aliacha vyombo alivyokuwa anaosha.

"Wewe, huo mguu vipi?"

"Samahani, dada. Ni mazoea. Alinifundisha mdogo wako."

"Alikufundisha nini?"

"Kukiwa kimya alikuwa hawezi kusoma. Akaniomba nigonge chuma cha kitanda. Nikagonga, akasema siyo hivyo. Eti dada akifika kwenye kona anapunguza, anasimama, anageuza kitambaa, ndiyo anaendelea. Miaka mitano nimeshona, dada, na sindano sijui kushika."

"Na juzi, mlipofunga mlango?"

"Nilimgongea mpaka akalala."

Mfamasia akainamisha kichwa.

"Sikufichi, nilikuwa nakuonea wivu hadi nakuchukia. Niko naye chumba kimoja, na anayesikilizwa ni wewe."

Dada alivuta kiti, akakaa karibu naye. Akasema, "Kwenye kona sisimami sana hivyo."

"Ndivyo alivyonifundisha."

"Basi alikosea. Gonga tena nisikie."

Akagonga.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili na, kama karatasi zinavyosema, dada mmoja. Mwenye kalamu akate hapo, aandike: dada wawili. Mkubwa bado ni mmoja.

Kiguu, umetembea vya kutosha, mdogo wetu. Tulia sasa, upumzike kwa amani.