Tumbo la Sindano

Benchi la mbele ya duka la fundi cherehani lina mguu mmoja uliowekewa tofali, na wakaaji wake ni wale wale. Kuna Daktari, fundi viatu ambaye hana ugonjwa asioujulia dawa. Kuna Spika, karani mstaafu anayependa kufunga mjadala, na Kinyozi, ambaye kazi yake ni kudakia. Mwenye duka ni kijana wanayemwita Sindano kwa wembamba wake, ingawa siku hizi wembamba umebaki mikononi tu. Tumbo limevimba, linajaa gesi hata akila vijiko viwili. Leo, kahawa ikizunguka, alikuwa ameinama anapanua kiuno cha suruali yake mwenyewe.

— Maharage hayo, alisema Daktari. Achana nayo.

— Niliacha zamani, kaka.

— Basi cherehani. Unakanyaga kutwa, upepo unapandia miguuni mwa suruali.

— Eeh! Kinyozi akadakia. Haba na haba hujaza kibaba!

— Upepo wapi! alisema Spika. Kijana hana mke. Maneno ya usiku atamwambia nani? Anayameza, yanageuka gesi.

Tumbo likanguruma.

— Mmesikia? Kinyozi akapiga paja. Debe tupu haliachi kuvuma!

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Sindano naye akacheka, angefanyaje? Aliwapenda watu hawa, na kelele zao zilimsaidia kutosema. Marehemu mama yake alianza hivi hivi: gesi tu, mwanangu, itapita. Sindano ndiye aliyekuwa akimpanulia magauni, moja baada ya jingine, na walipofika hospitali walikuwa wamechelewa. Sasa aliogopa, tena aliogopa kama mtoto mdogo.

— Utani kando, alisema Spika. Wahenga walinena, mficha maradhi...

Akakomea hapo. Yaliyobaki kila mtu aliyajua, naye akayashushia kahawa.

Mama mmoja ambaye hawakumfahamu alikuwa amesimama mlangoni na gauni la kupunguzwa. Akaichukua ile suruali, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono.

— Hapa kitambaa kimekwisha, mwanangu. Hospitali umekwenda?

— Nimekwenda, mama. Wamesema nirudi kesho kupimwa. Nije na mtu wangu.

— Na huyo mtu wako ni nani?

Mtu wake wa kwenda naye alikuwa mama yake. Sindano akawatazama wa kwenye benchi, na kusema kweli alitamani hata mmoja aseme, mimi.

Daktari akaanza kutafuta gundi yake. Kinyozi safari hii hakudakia. Spika akainamisha birika juu ya kikombe chake, akalitikisa, akaliinamisha tena.

— Kahawa imekwisha, akasema taratibu.

Sindano akaipokea suruali yake, akainama, akaendelea kutafuta pa kupanua.